Nilianza homoni Nairobi, nikaziacha kwenda kazini Saudia: yaliyobaki mwilini na yaliyorudi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara, wa visiwani, na nyie wa ughaibuni mnaosoma simu mmeificha chini ya mto.

Wiki iliyopita kuna member aliuliza humu: mtu transgender akianza homoni, ategemee nini? Uzi ulifika kurasa sita. Kurasa tano na nusu zilikuwa matusi, nusu iliyobaki vichekesho. Aliyeuliza hakurudi tena.

Mimi nilisoma zote na sikuandika neno. Hilo ndilo linanisuta, kwa sababu jibu ninalo, nimelipitia na mwili wangu huu. Basi leo namjibu, hata kama ameshaondoka.

Sitatia chumvi. Majina ya watu nimebadilisha. Pale nitakapoona aibu nitasema naona aibu, sitaruka. Na mimi si daktari, mnielewe hivyo.

Nimezaliwa Tanga, siku ya Idi, wakaniita Mwanaidi. Cheti kinasema mtoto wa kike, pasipoti inasema hivyo hivyo. Mimi tangu nipate akili najijua ni Idi. Hilo "Mwana" la mbele sikuwahi kuliitikia kwa moyo.

Nilikwenda Nairobi nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikasomea kuhudumia wazee, nikapata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Huko ndiko nilikojua kuwa hali yangu ina jina, na kuna kliniki ambayo daktari anakusikiliza bila kukuombea dua ya kutoa pepo.

Kwanza sikupewa dawa yoyote. Nilikaa na mshauri miezi kadhaa, naongea tu. Nilikasirika sana, niliona wananipotezea muda. Leo namshukuru yule mshauri.

Kisha wakapima damu: ini, mafuta, wingi wa damu, presha. Daktari wangu, mama wa makamo anayeongea polepole, akaniketisha akaniambia, "Hii ni kubalehe upya, Idi. Tofauti ni kwamba safari hii una kodi ya nyumba na una bosi."

Akanieleza yote. Sindano ya testosteroni kwenye paja, kila baada ya wiki chache. Siku za mwezi zitakata baada ya miezi kadhaa. Sauti itashuka, na ikishuka haipandi tena. Ndevu zitakuja pole pole, huenda kwa miaka. Uzazi unaweza kuathirika, ila nisijidanganye kuwa ni kinga ya mimba. Damu inaweza kuwa nzito, ndiyo maana kupima si hiari. Kifua hakitaondoka kwa sindano.

Niliitikia kwa kichwa kila sentensi. Ukweli, nilikuwa nasikia neno "sauti" tu.

Sasa tumwambie yule member kilichotangulia. Kilichotangulia ni jasho. Ndani ya mwezi wa kwanza nilivua shati nikajiuliza huyu ni nani. Harufu haikuwa yangu, ilifanana na ya kaka wa mama yangu akitoka shamba la mkonge.

Halafu njaa. Nilikuwa nakula ugali wa watu wawili, nikimaliza nachungulia sufuria.

Halafu chunusi, mgongoni na kidevuni. Halafu ashki, ambayo naona aibu kuieleza, tosheka kujua ipo na inakuja bila hodi. Hasira hazikuwa nyingi kama watu wanavyosema, ila machozi yalipungua. Kuna siku nilitaka kulia kabisa, yakagoma.

Mwezi wa nne siku zangu zikakata. Mwezi wa tano sauti ikaanza kukatika katikati ya neno, kama redio inayotafuta stesheni. Mama akipiga simu kutoka Tanga ananiuliza kama nina mafua. Nikamwambia ni vumbi la Nairobi. Hayo mafua yalidumu miezi minane.

Ilipotulia, nilijirekodi nikisema jina langu. Nikajisikiliza mara nyingi siku hiyo, jikoni, peke yangu, maharage yanaungua.

Wakuu, nilikuwa na miezi kumi na minne ya furaha. Naisema idadi kwa sababu niliihesabu mno baadaye.

Kisha mama akaanguka uani akavunjika nyonga.

Alihitaji kuwekewa chuma, na mimi ndiye mtoto pekee mwenye kazi ya mshahara. Wakala mmoja wa Nairobi alikuwa anatafuta wahudumu wa wazee kwenda Riyadh, wanawake tu. Pasipoti yangu ilikuwa inafaa. Mwenyewe ndiye niliyekuwa sifai.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia naacha. Hakunibembeleza. Alinieleza tena yatakayobaki na yatakayorudi. Sauti itabaki. Vinyweleo vya kidevu vitabaki, ingawa vitapunguza kasi. Misuli na mafuta vitarudi vilikokuwa, na siku za mwezi zitarudi.

"Hutakufa," akasema. "Ila kuna asubuhi utaamka umejikosa. Usizikae peke yako."

Nilizikaa peke yangu. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Kwenye vipimo vya wafanyakazi nilipanga foleni ya wanawake. Kule ndani unafungua vifungo mbele ya mtu asiyekuangalia usoni. Wakala aliniambia nikiulizwa sauti niseme niliugua koo utotoni. Hakuna aliyeuliza. Abaya nyeusi ilifunika yaliyobaki.

Riyadh nilipokelewa kwenye nyumba ya mwalimu mmoja, madam wangu, na mumewe tuliyemwita baba. Kulikuwa na mfanyakazi mwingine, Almaz, Mhabeshi, mpishi na msafishaji. Kazi yangu ilikuwa mama yake madam, bibi wa miaka themanini na kitu, Mhijazi, mtu wa pwani ya magharibi, mzaliwa wa Jeddah. Sukari ilikuwa imemla macho. Nyumba nzima ilimwita Sitti, bibi yangu, na mimi nikamwita hivyo.

Asubuhi ya kwanza madam alinipeleka chumbani kwake. Nikatoa salaam.

Sitti akavuta shuka hadi usoni, akaanza kumfokea binti yake kwa nini ameingiza rijali chumbani na yeye kichwa wazi.

Madam alicheka. Akamwambia ni mfanyakazi, ni mwanamke, mguse mwenyewe. Akachukua mkono wangu akauweka kwenye mkono wa mama yake. Sitti akaupapasa kiganja, akapapasa kifundo, akasema maneno ambayo sikuyaelewa siku ile. Kiarabu nilikuwa bado sikijui; Almaz, aliyekuwa ameleta chai pale, ndiye aliyenitafsiria yote kwa Kiingereza tukiwa jikoni.

Alisema: "Mkono ni wa mwanamke, lakini aliyenisalimia ni mwanaume. Mimi nafuata salaam."

Kuanzia siku hiyo, kila nikibisha hodi, Sitti anaomba mtandio kwanza. Nasubiri mlangoni. Akishajifunika ndipo ananiita.

Hapa kuna jambo dogo la lugha, naomba mnivumilie. Kiswahili chetu kinatusitiri. "Yeye", "njoo", "kaa", hakuna mume wala mke. Kiarabu hakina huruma hiyo. Hiyo "njoo" tu, mwanamke anaambiwa taali, mwanaume anaambiwa taal. Madam aliniita taali. Baba aliniita taali. Watoto, wageni, muuza duka, wote taali.

Sitti alisema taal.

Nyumba nzima ilichukulia ni uzee. Mimi nilikuwa nasimama kwenye korido nasubiri aniite, na nilikuwa natafuta visababu vya kubisha hodi. Maji ya kunywa. Feni. Dawa ya macho. Nilikuwa na njaa ya hilo neno, sijui niseme vipi tena.

Na nilikuwa naogopa vilevile. Nchi ile haina mchezo na watu kama mimi, na bibi kipofu alikuwa anatangaza ukweli wangu kwa sauti mara tano kwa siku. Madam aliniambia wageni wakija mafi kalam, nisiongee. Nikajifunza kunong'ona. Kuna majuma yalipita sikusikia sauti yangu mwenyewe, ile niliyoitafuta miaka yote.

Mwezi wa tatu damu ikarudi.

Nilikuwa naosha kikombe cha Sitti. Nikakaa chini kwenye vigae vya choo nikaangalia ukuta mpaka Almaz akagonga. Nilimwambia tumbo. Akaniletea chai ya tangawizi na pedi, akanishika bega kidada, na wema wake ulinichoma zaidi.

Basi mwili ukaanza safari ya kurudi. Nyonga zikajaa. Mikono ikalegea, ile mikono niliyokuwa namwinulia mzee mmoja Nairobi bila msaada. Uchovu wa ajabu, wa kuamka umechoka. Machozi yakarudi yote na riba. Kilichobaki ni sauti na vinyweleo kumi na saba vya kidevu, nilikuwa nang'oa kila Ijumaa kwa kibano, na kila nikivuta kimoja najisemea samahani.

Na sasa niwaambie la kuogesha.

Kazi yangu kwa mkataba ilikuwa pamoja na kumwogesha Sitti. Wiki za kwanza nilifanya. Aligeukia ukutani akiomba maghufira. Madam akasema atazoea. Siku moja akalia bila kutoa sauti, maji yanamwagika, machozi yanamwagika. Kulia kule nilikujua. Ndivyo nilivyolia mimi kwenye chumba cha vipimo nikifungua vifungo.

Nikamfunga taulo, nikatoka, nikamwita Almaz.

Jioni madam aliniita. Alikuwa na haki ya kukasirika, alinileta kwa kazi hiyo. Nikamwambia Almaz amwogeshe mama, mimi nitachukua vyombo vyote vya Almaz na ngazi zote na kufua.

"Kwa nini mama yangu anaona haya na wewe tu?" akauliza.

"Kwa sababu ya sauti yangu, madam."

Aliniangalia shingoni. Kisha akasema kesho kutwa tunakwenda kwa daktari, aangalie hiyo sauti ina nini.

Usingizi ulikata. Niliogopa kipimo kimoja cha damu kitatosha kunianika. Nilimwaza mama na chuma chake nyongani, nikawaza kuwa nimemuuza kwa sababu ya haya ya bibi ambaye hata si wangu. Nilimuuliza Mungu kama nimekosea. Hata hivyo sikujuta.

Daktari alikuwa mwanamke Msudani. Akaniingiza kamera nyembamba ya koo, akaandika damu ikapimwe homoni. Tukaambiwa turudi baada ya siku mbili.

Siku ya majibu simu ya madam ililia, akatoka kwenye korido. Daktari akageuza kiti, akaniambia kwa Kiingereza, sauti ya chini, "Uliwahi kutumia testosteroni?"

Nikageuka kuangalia mlango, kama madam anarudi.

"Siulizi kwa ajili ya faili. Nauliza kwa sababu ukiacha kuna vitu lazima vipimwe, na nadhani hakuna aliyekupimia."

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. Wakuu, kichwa changu hakijawahi kuwa kizito kama siku ile.

Akasema ini liko sawa, damu iko sawa. Akaongeza kwamba ninachohisi asubuhi kina sababu, si udhaifu wa imani. Ni hayo tu. Madam akarudi, na yule daktari akamweleza kwa Kiarabu kilichonyooka kwamba nyuzi za sauti zilinenepa kwa hali ya zamani, imekwisha, haiambukizi, haitabadilika. Homoni ni za mwanamke mwenye afya.

Madam akasema alhamdulillahi. Akaikunja karatasi ya majibu akaiweka kwenye faili langu pamoja na kopi ya ikama, kibali changu cha kuishi kule.

Kabla hajaikunja nilikuwa nimeona namba yangu ya testosteroni. Ilikuwa chini kabisa, kama sikuwahi kuianza. Karatasi iliyoniokoa ndiyo iliyoniliza. Kwenye gari nilifunika uso kwa mtandio, madam akafikiri nalia kwa furaha, akanipa tishu.

Baada ya hapo akakubali Almaz amwogeshe. Mimi nikabaki na chakula, miguu ya Sitti, macho yake na sindano zake za insulini. Insulini nayo ni homoni, mnajua? Kila asubuhi nilimchoma homoni yake. Alitoa mkono tu kwenye shuka, kichwa kimefunikwa, akisema bismillahi kwa niaba yetu wote wawili. Akimaliza ananiuliza habari za Tanga. Nilimwambia kuhusu mama. Akawa anamwombea nyonga yake kila sala, kwa jina.

Mwaka ulipogeuka baba akahamishiwa kazi Jeddah, tukahamia mtaa wa Al-Hamra, karibu na bahari. Sitti akachangamka kama aliyerudishiwa miaka. Hakuona kitu, lakini akikaa barazani upepo wa bahari ukipita alikuwa anatutajia mitaa ya utotoni.

Huko tulipata dereva, Mutua, Mkamba wa Machakos, mlokole na mtu wa gym. Nilipomwona shingoni nikajua. Chunusi zile nilizijua. Siku moja ananipeleka duka la dawa kuchukua insulini, nikamuuliza anachoma nini. Akacheka, hakuficha. Testosteroni, kuna jamaa mtaa wa Karantina anauza, kwa ajili ya misuli.

Wakuu, fikirieni. Kitu nilichokiacha kwa machozi, mwenzangu anakichoma aonekane vizuri kwenye singlendi.

Nikamwambia nitafutie kichupa kimoja.

"Cha nani?"

Ningeweza kusema cha kaka yangu. Sijui kwa nini sikusema. "Changu."

Akaniangalia kwenye kioo. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, bado ananiangalia. Kisha akaendesha. Mimi nikahesabu nimejimaliza. Baada ya siku mbili akanipa boksi la tende. Ndani kulikuwa na kichupa.

Nilikiweka ndani ya kiatu siku tisa. Kila siku nakitoa, nakishika, nakirudisha. Hakikuwa na lebo. Mpira wa juu ulikuwa na tundu, maana yake kuna sindano ilishaingia. Nairobi damu yangu iliwahi kuwa nzito, daktari akapunguza dozi, na huku hakuna wa kunipima bila kuniuliza kwa nini. Nilikuwa nayajua yote hayo na bado mkono ulikuwa unataka.

Siku ya kumi nilikimwaga kwenye sinki. Harufu ya mafuta yale ilibaki kwenye vidole mpaka jioni.

Nilimwambia Mutua naye akapime. Alinuna. Baadaye akapima, presha ilikuwa juu, akaacha. Hatukuongea tena kuhusu siku ile ya taa.

Sitti alifariki Jeddah, mchana, baada ya siku chache za homa. Nilikuwa nimemshika mkono, ule ule wa sindano. Mtandio wake ulikuwa umekaa vizuri. Nilihakikisha.

Wanawake wakajiandaa kumwosha. Madam akanijia, macho mekundu, akanyoosha mkono kunichukua. Mimi ndiye niliyemhudumia, ilikuwa heshima kuniita. Nikabaki nimesimama. 

Madam akaushusha mkono. "Mama alikuwa anakuonea haya," akasema taratibu. "Kaa."

Mpaka leo sijui alikuwa anajua kiasi gani. Sijawahi kumuuliza na hakuwahi kusema zaidi.

Wanaume wakaja kuchukua jeneza. Nilisimama langoni na abaya yangu, mkono kwenye chuma cha geti, chuma kinaunguza na sikukiachia. Jeneza lilikuwa jepesi, bibi alikuwa mwembamba, lakini kila mwanaume alitaka kuweka bega. Vijana wa jirani, mafundi waliokuwa wanajenga ng'ambo ya barabara, wapita njia. Watu ambao hawakuwahi kumnywesha maji walikuwa wanapokezana thawabu yake hatua kwa hatua.

Nilichotaka ni hatua tano. Hata tatu.

Nimetamani vitu vingi katika maisha yangu. Ndevu, kifua bapa, kuitwa kwa jina. Hakuna nilichokitamani kama lile jeneza kwenye bega langu.

Jioni Mutua alikuja mlango wa jikoni na chai ya maziwa kwenye chupa, akaniwekea mezani. "Pole, bro," akasema, akaondoka.

Kwa kuwa kazi niliyoletewa ilikuwa imekwisha, madam alinifungia mkataba kwa wema, akanisainia kibali cha kutoka nchini. Almaz alinikumbatia akalia. Halas, yameisha, nikarudi Nairobi.

Daktari wangu alikuwa yule yule. Alipima kila kitu upya, tukaanza na dozi ndogo. Sasa nina miezi saba tena.

Mara ya pili haina maajabu mengi. Sauti ilikuwa inanisubiri, sikuihangaikia. Damu imekata mwezi wa tatu. Jasho la mjomba limerudi na nimelipokea kama mgeni wa heshima. Ndevu ni zile kumi na saba na wenzao wachache, nazinyoa kwa raha.

Basi, kwa yule member aliyeuliza. Tegemea mambo kuja kwa zamu ambayo hukuipanga wewe. Tegemea kusubiri. Pima damu hata siku ambayo unajisikia simba. Usichome kitu ambacho hujui kimetoka wapi, hata kama kiko kiganjani na moyo unalia. Kama maisha yatakulazimisha kuacha, acha ukiwa na daktari na ukiwa na mtu wa kumwambia, usikae na ukuta wa choo kama mimi. Kuna vitu vitarudi nyuma, na kuna vitu havitarudi, na wewe ni yule yule muda wote huo.

Na hili sikuambiwa na kliniki yoyote: dawa itakubadilisha sauti, lakini kiu ya kuitikiwa haina sindano. Hiyo inatibiwa na watu, na watu wenyewe huwachagui.

Imebaki moja, na hapa ndipo nahitaji msaada wenu.

Mama anatembea sasa, kwa mkongojo. Mwezi uliopita nilimwambia kila kitu kwa voice note, nilishindwa kupiga. Siku tatu kimya. Siku ya nne akajibu, sekunde chache tu: "Nimesikia. Njoo nikuone mwenyewe, mambo haya si ya simu."

Tiketi ya basi ninayo, nasafiri Ijumaa ijayo.

Wa pwani mnajua nyumba zetu. Mbele kuna baraza, wanaume wanakaa, wanaingilia hapo. Wanawake tunapita uchochoroni, tunaingilia uani. Miaka yote nimeingilia uani, na nikipiga hodi pale mama anajua ni mimi kabla sijaingia. Na huko ndiko atakakokuwa amekaa, akinisubiri.

Naombeni ushauri kwa waliowahi kurudi kwao wakiwa si wale walioondoka. Matusi pia nitayasoma, wekeni tu, ila anayejua anijibu kabla ya Ijumaa.

Nipige hodi mlango upi?